Bi Wingu na Mkate wa Mjane

Mtaani walimwita Bi Wingu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake; alipewa na mkate wake, uliokuwa mweupe na laini hata ukiubonyeza kwa kidole unashuka, kisha unarudi mahali pake kana kwamba haukuguswa. Mwanzoni alinuna wakimwita hivyo. Baadaye alizoea, na baadaye zaidi ungemwita kwa jina alilozaliwa nalo asingegeuka.

Mtu asimcheke kwa kujivunia mkate. Bi Wingu alikulia nyumba ya watu tisa na sufuria moja. Mkate wa kwao ulikuwa mweusi, mzito, wenye maganda ya ngano yanayokwama kwenye fizi tangu asubuhi mpaka jioni. Shuleni, kwa ile miaka miwili aliyosoma, watoto wenye viatu walikuja na mkate mweupe. Yeye alifunika wake kwa kiganja na kuula ameupa ukuta uso. Alipofika miaka kumi na mmoja shangazi yake, mpishi wa mikate kwenye shule ya bweni, alimchukua akamtia jikoni, akampa chekeche mkononi kabla hajampa hata aproni.

"Unga huchekechwa mara tatu," shangazi alimwambia. "Mara ya kwanza kutoa uchafu. Mara ya pili kutoa pumba. Mara ya tatu kutoa aibu."

Neno hilo lilimwingia, likakaa. Akaolewa na fundi viatu, akafungua duka lake la mikate kwenye chumba cha chini cha nyumba yao, chenye tanuri la matofali na dirisha la kuuzia, wao wakiishi vyumba viwili vya juu. Akazaa, akalea, akazeeka, na siku zote hizo hakuna unga uliogusa maji nyumbani kwake bila kupita kwenye chekeche mara tatu. Pumba aliwamwagia kuku wake watano uani.

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka arobaini na mmoja alikula mkate ule kila asubuhi, akafuta makombo kwenye masharubu, akasema "Haya," akaenda kwenye kibanda chake cha viatu. Bi Wingu aliipokea hiyo "haya" kama sifa. Mwanamume asiyenung'unika ameshiba, mengine ni mbwembwe.

Sasa sikiliza lilipoanzia jambo.

Kutoka duka la chini mpaka vyumba vya juu kuna ngazi ishirini na mbili. Bi Wingu alizijua kwa masikio. Jioni fundi viatu akirudi, yeye huku juu akipanga meza alizihesabu nyayo zake bila kujua kwamba anahesabu. Mwaka ule nyayo zilianza kukatika. Kumi na mbili, kimya. Kisha nne, kimya. Kisha sita za mwisho, mlango unafunguliwa, na mtu anaingia anahema kama aliyebeba gunia.

"Umezeeka, Baba Watoto," alimtania.

"Ngazi ndizo zilizoongezeka," mumewe akajibu, akakaa kitandani kabla hajavua viatu.

Binti yao wa mwisho hakucheka. Aliwapeleka wote wawili kliniki, akawakabidhi kwa nesi, akarudi kazini kwake. Nesi alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, aliyeonekana kama jana tu alikuwa anaruka kamba. Alimpima mzee presha, akamtoa damu, daktari akausikiliza moyo, wakaitwa tena baada ya siku nne. Presha iko juu, wakampa vidonge vyake. Mafuta ya kwenye damu nayo yamepanda, yale mabaya yanayoganda kwenye mishipa.

"Haya ya mafuta tutayajaribu kwa chakula kwanza," nesi alisema. "Miezi mitatu. Yasiposhuka, daktari ataongeza dawa nyingine. Mzee, asubuhi unakula nini?"

"Mkate."

"Mweupe?"

Kabla fundi viatu hajafungua mdomo, Bi Wingu alijibu kwa shingo iliyonyooka, "Mtaa mzima hakuna mweupe kama huo."

Nesi akatikisa kichwa. "Sasa mama, huo ndio tutakaoupumzisha. Ale wa nafaka isiyokobolewa. Nafaka nzima."

Bi Wingu alitoka pale kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja kesho yake jioni, lilipopanda ngazi ishirini na mbili likiwa limefungwa kwenye gazeti, chini ya kwapa la mumewe.

"Nini hicho?"

"Mkate. Wa nafaka nzima. Nesi si alisema?"

"Umeutoa wapi?"

Fundi viatu alikohoa. "Kwa yule wa mashine."

Yule wa mashine! Hapo lazima mtu aelezwe. Mwisho wa mtaa kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na mwenye mashine alikuwa mjane wa rika la Bi Wingu, mnene, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika juu ya mngurumo wa injini. Pembeni ya kusaga alioka mikate michache ya unga usiochekechwa. Hayo yote si kosa. Kosa lilikuwa viatu. Kabla fundi hajamwoa Bi Wingu, akiwa bado mwanafunzi wa ufundi, alimshonea msichana yule viatu vyekundu vyenye kisigino. Alimpelekea, hakuna lililotokea, kila mmoja akaoa na kuolewa kwingine. Lakini Bi Wingu yeye alishonewa vyeusi. Vizuri, vya ngozi, vya kudumu, vyeusi. Na kwa miaka arobaini na mmoja vile vyekundu vilikuwa vinatembea kichwani mwake, ko, ko, ko.

Mumewe alikata kipande cha ule mkate, akatafuna taratibu. Akatazama dirishani. Akasema, "Huu una ladha ya ngano."

Bi Wingu aliweka birika mezani kwa kishindo. "Na wangu una ladha ya nini? Ya sabuni?"

"Nimesema tu."

"Arobaini na mmoja unasema 'haya'. Leo kwa mjane umepata na ulimi!"

Kuanzia siku hiyo hakupata raha. Wivu ni kama hamira: kijiko kimoja tu, ukifunika kinaumuka chenyewe. Kila jioni alisimama nyuma ya pazia la duka akijifanya anafuta kioo. Alimwona mumewe akifunga kibanda, akishika njia ya mashine badala ya njia ya nyumbani. Alijua anakaa kule muda gani, kwa sababu alikuwa ametia mikate tanurini na mikate ilishaiva.

"Umechelewa," alimwambia siku moja.

"Kulikuwa na foleni."

"Foleni ya mkate au ya macho?"

"Mama Watoto, mimi na moyo huu mbovu nitatazama nini?"

"Ngazi za kwako unazipanda kwa kupumzika mara mbili. Kwa mjane unakwenda mguu mosi mguu pili!"

"Kwa mjane hakuna ngazi," fundi viatu akasema kwa upole, akavua kofia.

Usiku ule kitandani Bi Wingu alikata shauri. Mkate wa mwanamke mwingine hautaingia tena katika nyumba yake. Kama mzee anataka nafaka nzima, ataila kwa mkono wa mkewe. Aliogopa kumpoteza, huo ndio ukweli wenyewe, ila alikuwa hajaamua anamwogopea nini zaidi: moyo uliochoka au mjane asiyechoka.

Asubuhi alijitwisha ngano yake, akavaa vile viatu vyeusi, akaenda kwenye mashine.

"Hodi."

"Karibu! Eh! Bi Wingu mwenyewe leo! Jua limechomoza upande gani?"

"Lilikochomoza jana. Nisagie hii."

Mjane alitia kiganja kwenye ngano, akaipenyeza kati ya vidole. "Ngano nzuri. Nakusagia kila kitu pamoja, ganda na kiini. Lakini dada, ukifika nyumbani usije ukaichekecha."

"Unanifundisha unga mimi?"

"Siwezi. Nakumbusha tu mkono. Mkono una mazoea yake."

"Mkono wangu uache. Angalia wa kwako, unakaa sana kwenye mizani watu wakija kununua."

Mjane akacheka mpaka unga ukaruka kwenye meza. Hiyo ndiyo iliyomuudhi zaidi Bi Wingu. Umtukane mtu naye acheke, afadhali akupige.

Mkate wa kwanza aliukanda bila kuuchekecha, kama alivyoambiwa. Ulitoka tanurini umekaa chini kama kobe. Haukuumuka. Kisu kilipoukata kililia. Fundi viatu aliutafuna upande mmoja wa mdomo, kisha upande wa pili, akanywa chai, akasema, "Utazoea."

Basi! "Utazoea" ndiyo nini? Maana yake wa yule ni laini. Maana yake yule ameshazoea. Bi Wingu alishuka duka lake la chini, akajifungia, akaukalia mfuko wa unga akiutazama. Maganda yale ya hudhurungi yalimrudisha shuleni, uso ukutani, kiganja juu ya mkate. Akajiambia: ngano imesagwa nzima, sivyo? Kila kizuri kilichokuwamo kimeshachanganyika na unga humo mashineni. Maganda haya yamebaki makapi tu, kama majani ya chai yaliyokwisha kutoa rangi. Nani hula majani ya chai?

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye chekeche kabla hajamaliza kuwaza. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu kutoa aibu.

Mkate ukaumuka vizuri sana. Ila ulikuwa mweupe, na mweupe ungemsaliti. Bi Wingu aliunguza sukari kwenye kikaango mpaka ikawa kama lami, akatia maji, akaumimina mchuzi ule kwenye unga wa mkate uliofuata. Ulipotoka tanurini ulikuwa umekolea rangi kuliko wa mjane, laini kuliko wa mjane, na umekaa juu kuliko wa mjane. Mume akala vipande vinne.

"Huu sasa," alisema. "Huu umeweza."

Mwanamke akaenda uani kuwamwagia kuku pumba, akiimba.

Akaimba hivyo miezi mitatu. Mashine alikwenda mara moja kwa wiki, akamsalimu mjane kwa ncha ya midomo, akarudi na unga. Kuku walinenepa, manyoya yakang'aa kama yamepakwa mafuta. Fundi viatu hakupita tena njia ile nyingine. Lakini ngazi, jamani, ngazi. Kumi na mbili, kimya. Nne, kimya. Baadaye kituo cha kwanza kikashuka mpaka ngazi ya kumi. Bi Wingu aliyasikia yote hayo, akaongeza sauti ya wimbo.

Siku ya kupima ilipofika alivaa gauni lake la kutokea. Nesi alitazama karatasi ya majibu, akaigeuza, akatazama tena.

"Mzee, vidonge vya presha unameza?"

"Kila siku. Huyu ananisimamia kama askari."

"Presha imepungua kidogo. Lakini mafuta hayajashuka. Yamepanda." Akaweka karatasi chini. "Mkate mweupe uliacha?"

"Tangu siku ile. Nakula wa nafaka nzima, anaoka mwenyewe. Mtamu sana."

Sasa huyu nesi hakuwa mjinga, na babu yake, kumbe, alikuwa mwoka mikate. Alimgeukia Bi Wingu kwa adabu zote. "Mama yangu, nieleze unavyouoka. Kuanzia mwanzo."

Hapo Bi Wingu angeweza kudanganya. Lakini aliulizwa kuhusu mkate, na kuhusu mkate alikuwa hajawahi kusema uongo kwa mdomo, hata kama kikaango kilishasema. Fahari nayo ikamsukuma. Akaanza: ngano anaichagua mwenyewe, anaiosha, anaianika, anaisagisha nzima. "Kisha nauchekecha mara tatu..."

Nesi akaweka kalamu chini.

"Na pumba," nesi akauliza pole pole, "unazipeleka wapi?"

"Kwa kuku."

Fundi viatu alimtazama mkewe, akamtazama nesi, akaanza kutikisika mabega. "Kumbe!" alisema huku machozi yakimtoka. "Kumbe kuku ndio waliokuwa kwenye matibabu! Ndiyo maana yule jogoo anapanda ukuta bila kuhema!"

"Na ile rangi?" nesi akauliza.

"Sukari," Bi Wingu akasema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtoto aliyefunika mkate kwa kiganja.

Nesi hakucheka. Alivuta kiti, akakaa magoti kwa magoti na bibi yule. Akamweleza kwamba punje ya ngano imejengwa kama nyumba. Katikati kuna ghala la wanga, huo ndio weupe. Nje kuna kuta, yaani ganda, na pembeni kiini ambacho mmea mpya ungechipukia. Mmea huweka vitu vyake vya kujilinda kwenye ganda na kwenye kiini, si ghalani. Nyuzinyuzi zimo humo, na vitu vingine vingi vidogo vya mmea ambavyo watu wa maabara wanavichunguza bado. Baadhi husaidia kushika mafuta tumboni yasiingie yote kwenye damu. Havihamii kwenye unga mweupe wakati wa kusaga. Ukichekecha, umevitoa.

"Mkate peke yake hauponyi moyo," alimaliza. "Atembee, apunguze chumvi, ameze dawa zake. Lakini kila siku hapo mezani kwako, mama, hicho ulichokuwa unatupa ndicho nilichotaka ale. Daktari amekubali mjaribu tena miezi mitatu, kwa kweli safari hii. Miezi mingine ya mchezo huyu mzee hana."

Walipofika mlangoni kwao fundi viatu alianza kupanda. Nane. Kimya. Bi Wingu alisimama chini akimtazama amejishika ukuta, mgongo umepinda ndani ya koti, na kwa mara ya kwanza hakuviona viatu vyekundu. Aliona mtu wake, na ngazi kumi na nne zilizobaki.

Hakupanda. Aligeuka akaenda kwenye mashine, bila ngano, bila kitu mkononi.

Mjane alikuwa anafagia. Injini imezimwa, na kimya cha pale kilikuwa kigeni.

"Wangu hauumuki," Bi Wingu alisema bila hodi. Maneno hayo mawili alikuwa hajawahi kuyatamka tangu alipopewa aproni.

Mjane aliegemeza ufagio ukutani. Hakucheka. "Unaukanda na maji kiasi gani?"

"Kama siku zote."

"Hayatoshi. Ganda lina kiu. Loweka unga wote na ganda lake kwanza kwa maji ya moto, uache mpaka ganda lilainike na upoe, ndipo utie hamira. Kisha uache uumuke mara mbili ya muda wako. Wewe una haraka, dada, umezoea unga usiobisha." Akavuta magunia mawili, wakakaa. "Niliharibu mikate miaka mingi kabla sijajua hilo. Marehemu wangu hakula hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Alikula wako." Mjane alitazama mikono yake. "Kwa siri. Nilikuwa nafua mashati nakuta makombo meupe mfukoni. Kila wiki. Nikawa nasimama hapo mlangoni nachungulia dukani kwako, nasema, huyu mwanamke anamtilia nini mume wangu humo? Nilikuchukia mpaka nikanenepa."

"Na ndiye yule moyo uliomchukua?"

"Ndiye. Sisemi ni mkate. Alivuta sigara kama dohani, na dawa alizificha chini ya godoro. Lakini mweupe nikaukataa kabisa tangu hapo."

Na swali lililomkaba Bi Wingu miaka arobaini na mmoja likatoka lenyewe. "Na vile viatu?"

"Vipi? Vyekundu?" Hapo ndipo kicheko kikarudi. "Vilinibana, bibi wee! Nilivivaa siku moja nikatoka malengelenge. Alikuwa hajajua kupima mguu. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza!"

Bi Wingu naye akacheka, ingawa si sana. Wivu hauondoki kwa mlango wa mbele kama mgeni. Huzunguka uani kwanza.

Akarudi nyumbani, akaloweka unga na ganda lake. Chekeche alilitundika juu ya msumari mrefu asioufikia bila stuli. Wiki ya kwanza mkate ulikuwa wa kusameheana. Ya tatu ulikuwa mkate. Asubuhi kuku walikuja mlangoni kama kawaida, wakasimama wamepinda shingo wakingoja haki yao. "Leo hamna," aliwaambia. "Mmekula vya wagonjwa vya kutosha." Fundi viatu alitafuna, akafuta makombo kwenye masharubu.

"Una ladha ya ngano?" mkewe akauliza akiwa amempa mgongo.

"Una ladha ya ngano."

"Kuliko wa yule?"

Mzee alifikiri kwa muda ambao haukumpendeza mkewe hata kidogo. "Wa yule," alisema, "siukumbuki."

Muda ulizidi, lakini jibu lilipita.

Miezi mitatu ilipokwisha nesi alisoma karatasi, akatabasamu. Mafuta yalikuwa yameshuka. Si sana, ila vya kutosha. Aendelee hivyo hivyo, daktari hataongeza dawa kwa sasa. Fundi viatu akashusha pumzi. Ngazi siku hizo alizipanda kwa kituo kimoja, na siku akiwa na furaha, hakuna.

"Andika kwamba ni mkate wangu," Bi Wingu akamwambia nesi.

"Mama, kwenye kadi hii hakuna mahali pa kuandika hivyo."

"Pembeni."

Nesi alimtazama, akachukua kalamu, akaandika pembeni herufi ndogo ndogo. Bi Wingu akaivuta kadi, akaiweka mbali na macho, akaiweka karibu. Ile miaka miwili ya shule haikutosha. Akampa mumewe. "Soma."

Fundi viatu akasoma: "Anakula mkate wa nafaka nzima, wa mke."

Bi Wingu aliirudisha kadi mezani, akaigonga kwa kidole.

"Wa mke wa nani?" alisema. "Hata yule wa mashine alikuwa mke wa mtu. Andika: wa mke wake."

Na nesi akaongeza.